Kuku, Mwambie Mwenye Nyumba

Mama mkwe wangu aliishi nyumbani kwangu Igamba tangu mavuno ya kahawa hadi mvua zilipokolea, na katika muda huo wote sikuuona uso wake. Alikula chakula cha shamba langu na kulala chini ya bati nililolipigilia kwa mikono yangu. Alizijua nyayo zangu, nami nilikijua kikohozi chake. Hata hivyo, kama ningemkuta amesimama sokoni Mlowo ningempita kama mtu nisiyemfahamu. Walimu vijana ninaofanya nao kazi siku hizi hawaamini habari hii. Hudhani natia chumvi. Naiandika basi kama ilivyokuwa, nikiwa katika umri ambao mtu hukaa jioni akiyapitia mambo aliyojifunza na kujiuliza yalimfaa nani.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi; mke wangu ni Mnamwanga wa Chapwa, karibu na Tunduma, na ndugu zake wako pande zote mbili za mpaka. Tulifunga ndoa kanisani, kwa pete na kwa mashahidi. Lakini kwa watu wake ndoa ya kanisani haikuondoa jambo moja: mwanamume aliyeoa hamtazami mama wa mkewe mpaka aingizwe. Kuingizwa ni shughuli ya siku moja. Ndugu za mwanamke humleta mkwe hadi ndani ya nyumba, humketisha mkekani, humlisha chakula alichopika mama mkwe mwenyewe, naye hutoa zawadi aliyokuja nayo. Kisha mama hujitokeza, husalimiana naye uso kwa uso, na tangu siku hiyo huongea kama mama na mwanawe. Kabla ya hapo, wakikaribiana njiani, mmoja hujitupa porini mpaka mwenzake apite.

Anayeongoza shughuli hiyo ni kaka wa mama. Na kaka wa mama huyu alikuwa kwenye machimbo ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini. Kila mwaka tuliletewa habari kwamba mwaka ujao atarudi.

Lazima nieleze pia nilikuwa mtu wa namna gani. Nilirudi kutoka chuo kikuu Uganda nikiwa na shahada iliyowafanya wazee wa Igamba wanisogezee kiti, na sanduku ambalo mke wangu alipolifungua mara ya kwanza alikaa kitako akacheka. Mlikuwa na vipepeo waliokaushwa, funguo za kufungulia saa, ramani ya nyota, kisu cha kuunganishia miche, kamera ya boksi, na kitabu cha nyuki kisichokuwa na jalada. Nilifundisha jiografia katika shule ya kati, na kazi hiyo niliipenda. Lakini maisha yangu hasa yalikuwa yanaanza kengele ya mwisho ilipogongwa. Mwaka niliooa nilikuwa mtu wa kamera. Mwaka uliofuata nilikuwa mtu wa nyuki. Katikati kulikuwa na miezi ya useremala, nikajenga karakana ndogo ya matofali nyuma ya mibuni, nikatengeneza viti viwili na meza moja iliyoyumba, na kabla sijaimaliza meza ya pili kanisa likauza kinanda chake cha upepo kilichotobolewa na panya. Nikakinunua.

Nasema kweli, sikuwahi kuchoka na kitu. Watu hudhani mwenye mambo mengi huacha moja kwa sababu limemchosha. Mimi nilifika na kila jambo mpaka pale linapoacha kuwa mchezo na kuanza kudai miaka, na hapo hapo jingine lilikuwa limesimama mlangoni. Nililikaribisha. Sikujua namna ya kulifukuza, na mpaka leo sijui.

Mama mkwe aliletwa na lori la mahindi. Alikuwa mjane, na mke wangu ndiye mwanawe pekee aliyebaki hai. Tumbo lilikuwa limemvimba upande wa kulia, na hospitali ya misheni ilikuwa karibu na kwetu kuliko Chapwa. Daktari alimtazama, akampa dawa ya maumivu, akamwambia mke wangu pembeni kwamba ini limekwisha kuharibika na hakuna la kufanya ila kumtunza. Kuishi kwa mkwe ambaye bado hajaingizwa ilikuwa aibu kubwa kwake. Alikubali kwa sharti kwamba asikae chini ya paa ninalolala. Tukamweka katika karakana. Niliondoa randa na misumeno, nikapaka chokaa, na tukakubaliana juu ya njia: ya kwake ilipita upande wa jiko, ya kwangu upande wa mizinga. Nikirudi kutoka shule nilipiga kengele ya baiskeli tangu kwenye kijia chembamba cha mibuni, ili ajue kuingia ndani. Naye alikohoa mara moja kunijulisha kwamba amesikia na kwamba njia ni nyeupe.

Alikuja na tenga, na ndani ya tenga mlikuwa na kuku mwekundu. Jioni ya kwanza nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta wa jiko, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili, sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka.

"Kuku," ilisema, "mwambie mwenye nyumba nimefika salama. Mwambie pia nyumba yake inanukia mbao, nitaota nimezikwa mapema."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakoroga uji huku ameuma midomo asicheke. Nilimnong'oneza, inaruhusiwa kumjibu? Akasema kwamba mama na mkwe hawasemeshani, lakini kuku hana mkwe, mtu yeyote anaweza kumsemesha.

"Kuku," nilisema, nikijisikia mjinga na shahada yangu, "mwambie mgeni wetu karibu sana. Mbao zitaacha kunuka."

"Kuku, mwambie asijali. Harufu ni nzuri."

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea. Baada ya majuma machache nilikuwa nikiharakisha kurudi nyumbani ili kuzungumza na kuku. Mama mkwe hakuweza kutembea mbali, na dirisha lake lilitazama migomba tu. Kwa hiyo maisha yangu aliyajua kwa masikio na pua. Na kwa kuwa maisha yangu yalikuwa na sauti nyingi, alipata kazi ya kutosha. Kila jioni aliuliza swali lile lile.

"Kuku, mwenye nyumba wako leo ni nani? Jana nilisikia harufu ya moshi, nikasema huyu ni mrina asali. Asubuhi nikasikia tupa kwenye chuma. Sasa nasikia kinanda kinalia kama mbuzi. Tumpikie nani?"

Nilimweleza, kupitia kuku, kwa nini malkia wa nyuki huhama, na namna mche wa mchungwa unavyoweza kubeba tawi la mlimao. Aliuliza maswali. Hakuna mtu Igamba aliyewahi kuniuliza maswali juu ya mambo hayo. Wazee waliniuliza nitapandishwa cheo lini, na wenzangu shuleni walinitania kwamba nitakufa nikiwa mwanafunzi wa kila kitu. Yeye alitaka kujua nyuki hulala au halali. Nilipopiga nyimbo za kanisani, alinifuata kwa sauti ya pili kutoka karakana, maana alikuwa ameimba kwaya tangu usichana wake. Kulikuwa na mahali fulani katika wimbo mmoja ambapo vidole vyangu viliruka noti kila mara. Alipofika pale yeye hakuruka. Alishuka taratibu, akaishika ile sauti, akapanda tena.

Mke wangu alikuwa hana furaha hiyo. Aliona kile ambacho mimi sikuweza kukiona: mama yake akikonda, macho yakigeuka manjano. Jioni moja aliingia chumbani nilipokuwa nafungua saa ya mkuu wa shule, akakaa kitandani. Akaniambia habari ambayo hakuwa amewahi kunieleza kikamilifu. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alikumbuka koti lake, la kijivu, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Alikumbuka alivyokuwa akimbeba. "Uso sina," alisema. "Nikitafuta, napata koti."

Hapo nilikwisha kujua anachotaka.

"Umelipiga picha jiwe la kimondo la hapa Mbozi mbele, nyuma na ubavuni," akasema. "Jiwe halifi, Mwalimu. Mama yangu anakufa nyuma ya jiko lako."

Kamera niliikuta juu ya kabati. Nyigu alikuwa amejenga udongo kwenye kioo cha kutazamia. Niliisafisha kwa unyoya, nikapuliza vumbi, nikajaribu kifyatulio, kilifanya kazi. Dawa za kusafishia picha zilikuwapo kwenye chupa za kahawia, na filamu ilibaki moja. Nilidhani ugumu utakuwa kumpata mama mkwe akubali. Nilikosea. Alikubali upesi, alipenda hata, akamwagiza mke wangu amfulie kilemba chake cheupe cha kanisani. Ila aliweka sharti, na alilisema mwenyewe, nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sauti isiyokuwa na utani.

"Kuku, mwambie mwenye nyumba kwamba karatasi yenye uso wangu ni mimi. Asiitazame mpaka ndugu yangu aje aniingizie mkwe wangu. Nimekaa naye vizuri. Sitaki kuharibu mwishoni."

Mchungaji alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mila hiyo haimo katika amri kumi, na kwamba mgonjwa asizuiwe raha kwa ajili yake. Lakini mama mkwe hakuzuiwa na mtu. Alikuwa mzee wa kanisa kwao, alijua amri zote, na hakuona zinagombana wapi na heshima ya mkwe. Mke wangu naye alikuwa na sharti lake. Filamu ya harusi yetu tuliituma Mbeya kwa Mhindi mwenye duka la picha, naye aliipeleka Dar es Salaam kusafishwa, ikapotea njiani. Hakuna aliyejua ilipotelea wapi. "Hii haitoki nyumbani," alisema. Na nyumbani mtu aliyejua kusafisha filamu alikuwa mmoja tu, ambaye haruhusiwi kuitazama.

Naomba msomaji aelewe kazi yenyewe. Filamu za wakati ule zilivumilia mwanga mwekundu. Mtu alijifungia gizani na taa iliyofunikwa kitambaa chekundu, akashika ukanda wa filamu kwa ncha zake mbili, akaupitisha ndani ya bakuli la dawa, upande huu na upande ule, huku akiutazama. Sura huja polepole. Macho ndiyo yanayoamua: ikitosha, unautoa, unausuuza, unautia katika dawa ya pili inayoikamatisha sura, na hapo ndipo mwanga wa kawaida hauwezi tena kuudhuru. Sikuwahi kujifunza kufanya kazi hiyo kwa saa na kipimajoto kama wafanyavyo mafundi. Nilijifunza hadi pale macho yangu yalipotosha, kisha nyuki wakaja.

Nilipendekeza lililowezekana. Mke wangu angepiga picha. Mke wangu angeipitisha filamu dawani. Mimi ningesimama humo humo, uso ukutani, nikimwongoza kwa maneno. Yeye angeniambia anachoona, nami ningemwambia la kufanya. Mama mkwe aliulizwa. Akacheka, akasema kuku amwambie mwenye nyumba kwamba sasa amekuwa mganga wa kweli, anayeagua bila kutazama.

Mchana mmoja nilimfundisha mke wangu kamera, mimi mwenyewe nikiketi kigodani kama mama mkwe. Kesho yake, Jumamosi yenye jua, nilikwenda mwisho wa shamba nikageukia mlima. Nilisikia wanabishana; baadaye niliambiwa kwamba mama alitaka kuku awemo na binti hakutaka. Nilisikia kifyatulio kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Mwisho nikasikia mama mkwe akisema, "Haya, na huyu naye," na kicheko.

Adhuhuri hiyo hiyo tulijifungia katika ghala la kahawa. Dirisha tulilizibia blanketi, na nyufa za mlango magunia. Kandili niliifunga kipande cha kitenge chekundu. Niliyapanga mabakuli ya bati, nikapima joto la dawa kwa kidole, kisha nikageukia ukuta wa magunia, pua yangu ikiwa karibu na katani na harufu ya kahawa mbichi. Nyuma yangu mke wangu alifungua filamu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Kama maziwa."

"Endelea. Usiiache ikajikunja."

Nilisikia dawa ikicheza kwenye bakuli. Alikuwa na mikono mizuri, yenye utulivu kuliko ya kwangu.

"Kuna doa," alisema. "Ni kilemba. Kinakuwa cheusi."

"Vema."

"Mama alivaa cheupe."

"Najua. Endelea."

Nikauliza anaona nini. Dawa iliacha kucheza.

"Uso unakuwa mweupe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Umepauka kama umepakwa majivu. Meno ni meusi. Mwalimu, mboni za macho hazina kitu."

Nilikuwa nimemfundisha kushika filamu, kupima mwanga, kutambua bakuli. Jambo moja sikumwambia, kwa sababu kwangu lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida kama kupumua: kwamba kwenye filamu vyote hugeuka, cheupe kikawa cheusi na cheusi kikawa cheupe, mpaka picha itakapochapwa kwenye karatasi. Picha alizowahi kuona ni zilizokamilika. Nilianza kumweleza, nikizungumza na magunia, maneno yakinitoka kama ya darasani: ndivyo inavyokuwa, itageuka, subiri. Naye hakunisikia. Alikuwa anamtazama mama yake akiwa maiti katika mwanga mwekundu.

"Huyu siye," alisema. "Kuna kitu kimeharibika. Ngoja nimwone vizuri."

Nikasikia blanketi likivutwa.

Mwanga wa adhuhuri ulianguka juu ya magunia mbele yangu, mweupe, na juu yake niliona kivuli changu, na pembeni kivuli cha mke wangu ameinua mkono, na kutoka mkononi mwake kivuli chembamba cha ukanda wa filamu kikishuka kuelekea bakulini. Hatua moja tu ilitutenganisha. Kama ningegeuka, ningeukamata ukanda ule, ningeutupa katika dawa ya pili, labda sura moja ingepona. Ningemwona pia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini shingo yangu haikugeuka. Sikupima heshima na hasara. Mwili wangu ulikuwa umezoea kutogeuka. Nilisimama nikikitazama kivuli cha filamu kikitikisika juu ya magunia, nikasema, "Itie kwenye bakuli la pili," na sauti yangu ilikuwa ya upole, ya mtu anayejua kwamba limekwisha kuwa.

Akaitia. Ukanda mzima uligeuka mweusi kama masizi, isipokuwa ncha yake ya chini, iliyobaki ndani ya bakuli kwenye kivuli cha khanga yake. Hapo ilipona picha ya mwisho. Mke wangu aliipima kwa macho, akaniambia naweza kuitazama. Ilikuwa pindo la nguo, vidole vya mguu mmoja, na kuku mwekundu amesimama ameinua shingo.

Nilidhani mama mkwe atasikitika. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kirefu. Aliposema tena alisema polepole.

"Kuku, mwambie mwenye nyumba asihangaike na filamu nyingine. Apige kinanda. Na pale anaporuka, asiruke."

Lakini mke wangu alitaka filamu nyingine, nami nilitaka kuliko yeye. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Mbeya imekuwa tope. Niliwaomba madereva wa malori, na kila siku baada ya shule niliendesha baiskeli hadi Mlowo kuwauliza kama Mhindi amepata mzigo. Wafanyabiashara wa Tunduma walimpelekea kaka wa mama mkwe ujumbe wangu ng'ambo ya mpaka, kwamba dada yake anaondoka, aje aingize mkwe. Ujumbe ukarudi: yuko njiani. Nilikuwa na matumaini mawili barabarani, moja likitoka Mbeya na jingine likitoka mpakani, na mimi nimesimama Mlowo katikati, nimejikinga mvua chini ya baraza la duka, nikijua malkia wa nyuki huhama kwa nini, nikijua majina ya nyota zilizofichwa na mawingu yale, na hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoweza kusogeza lori gurudumu moja.

Filamu ikafika. Dereva alinirushia kutoka dirishani, imefungwa kwenye gazeti. Niliitia mfukoni, nikaendesha katika tope, nikaingia kwenye kijia chembamba cha mibuni na kupiga kengele.

Hakukohoa.

Nikapiga tena, nikisimama na mguu mmoja chini. Kuku alitoka nyuma ya karakana, akanitazama, akarudi. Kisha nikasikia wanawake wakianza kulia, na ndipo nilipojua.

Tulimrudisha Chapwa kwa lori. Mke wangu na wanawake walikaa nyuma pamoja na jeneza. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimempa mgongo safari nzima. Kaka wa marehemu alikuwa amefika asubuhi ile. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti zuri la mjini na mapafu yaliyoharibiwa na machimbo. Alinishika mikono yote miwili.

"Mkwe," aliniuliza, "uliwahi kumwona?"

"Hapana, mjomba."

"Eya mukwai," alisema Kibemba, kama mtu anayekubali jambo kwa heshima, na macho yake yakajaa machozi. "Nimechelewa. Aliyekufa haingizi mtu. Basi utabaki hivyo hivyo."

Jeneza lilipofunguliwa ili ndugu waage, mimi nilisimama nje na wachimba kaburi. Mke wangu alinijia. Alikuwa amebeba kamera katika kikapu. Nami nilikuwa na filamu mfukoni, bado imefungwa gazeti. Yeye angeweza kupiga. Hakuna mila iliyomzuia, na mwanga ulikuwa wa kutosha. Nikampa filamu. Aliishika muda mrefu, kisha akairudisha mkononi mwangu.

"Siwezi," alisema. "Nimekwisha kumwona hivyo."

Sasa ni miaka mingi. Picha ya kuku iko ukutani sebuleni, na wageni huuliza kwa nini mtu mwenye elimu ametundika kuku. Mambo yangu hayajapungua. Mwaka huu nimeanza kuchora kwa mkaa, na mke wangu, ambaye kwa muda mrefu hakutaka kusikia habari za picha, jioni moja alivuta kiti akasema nijaribu, yeye atanieleza. Nikachora kilemba. Akasema ndicho. Nikachora shavu, akasema lijae kidogo. Nilipofika kwenye pua akasema siyo. Nikafuta, nikachora nyingine, akasema siyo hiyo pia.

"Basi ilikuwaje?"

Alifungua mdomo kujibu. Nilimwona akitafuta, macho yake yakienda pembeni, kwenye dirisha, yakirudi mikononi mwake. Alikaa hivyo mpaka nikaweka mkaa chini.

"Napata kilemba," alisema. "Uso sina."

Katika nyumba ile mtu mmoja alikuwa amemwona na amesahau, na mwingine alikumbuka kila alichosikia na hakuwahi kuona. Baada ya muda akaniomba nipige ile sauti ya pili. Kinanda chetu kimekaa upande wa ndani wa sebule, kimeegemea ukuta. Nilikipiga polepole, na nilipofika mahali pale sikuruka. Nilishuka, nikaishika, nikapanda. Nilimsikia mke wangu nyuma yangu akivuta pumzi, na baada ya hapo akilia kimya kimya. Sikugeuka. Nilirudia wimbo tangu mwanzo, uso wangu ukiwa ukutani.